Namna ya Kushika Shingo ya Gitaa Dukani na Kuonekana Unajua

Ukiingia duka la vyombo vya muziki pale Kariakoo, muuzaji hahitaji muda mrefu kukujua. Ukigusa rangi kwanza, bei imeshapanda. Ukiuliza, "Hivi hili linatoa sauti nzuri?", imepanda mara ya pili. Lakini ukilichukua gitaa, ukaligeuza, ukafumba jicho moja na kuichungulia shingo kwa jicho la pili huku umekunja uso, muuzaji atanyamaza. Hajui unatafuta nini. Na wewe hujui, ila hilo tunaweza kulirekebisha kabla ya Jumamosi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye pesa ya gitaa moja la umeme, jipya au la mtumba, ambaye angependa pesa hiyo isiishie kuning'inia ukutani sebuleni. Unahusu mambo mawili tu: shingo inavyokaa mkononi, na kimo cha nyuzi juu ya freti. Mengine, yaani pikapu, swichi na ile buluu inayometameta, waachie wanaopiga picha magitaa kuliko wanavyoyapiga. Pikapu hubadilishwa. Swichi hubadilishwa kwa pesa ya chipsi kuku. Shingo utaishi nayo.

Mnunuzi wa kawaida hufanya kinyume. Gitaa la kwanza analikataa kwa kuwa nyuzi ziko juu, la pili analichukua kwa kuwa nyuzi ziko chini, na shingo zote mbili hakuzitazama. Kumbe kimo cha nyuzi ni kama kiti cha dereva kwenye gari la mtumba: kilipo ndipo alipokiacha aliyeshuka. Nani analikataa gari zima kwa sababu mwenye nalo wa zamani alikuwa na miguu mifupi? Anakaa, anasogeza, anaondoka. La kuhakikisha ni kwamba kiti kinasogea kweli, na hilo tutalifikia, maana kwenye magitaa ya pwani si jambo la kuliamini hivi hivi.

Kabla ya kupima chochote, toa simu ulityuni gitaa. Programu za kutyuni ni za bure na kila mtu anazo isipokuwa, kwa sababu zisizojulikana, wauza magitaa. Gitaa la dukani mara nyingi limelegea nusu toni au toni nzima, na kulegea huko kunamfaa muuzaji kwa njia mbili. Nyuzi zinakuwa laini chini ya vidole. Halafu shingo nayo, kwa kuwa haivutwi kwa nguvu yake ya kawaida, inanyooka kidogo na nyuzi zinashuka. Unapiga, unatabasamu, unalipa. Nyumbani unalityuni vizuri, unalala, na asubuhi unakuta nyuzi zimepanda bila kuguswa na mtu. Wapo watakaokushauri umwite mtu wa kusoma dua. Huna haja.

"Kaka, hilo liko tyuni tayari," muuzaji atakuambia.

"Najua, kaka. Nalisalimia tu."

Ukishalityuni, uliza nyuzi zilizofungwa ni namba ngapi. Kumi ndizo wengi wanazozijua: uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, una unene wa sehemu kumi za elfu za inchi, ambayo ni robo ya milimita. Tisa ni nyembamba zaidi na laini zaidi. Duka likifunga tisa kwenye kila gitaa si kosa la jinai, lakini usilisifie gitaa kwa ulaini ulioletwa na pakiti ya nyuzi. Na kuna ulaini wa aina ya tatu unaowapoteza hata watu wazima. Stratocaster na Telecaster za Fender zina urefu wa milimita 648 kutoka mfupa wa juu, ule wa karibu na kichwa, hadi darajani; Les Paul ya Gibson ina kama milimita 628. Funga nyuzi zile zile, tyuni sauti zile zile, na za Les Paul zitakuwa zimelegea zaidi. Mtu anaishika anasema, "Hii nyuzi ziko chini." Haziko chini, ni fupi.

Sasa tuje kwenye kuchungulia, maana hii ndiyo ibada kuu na watu wanaifanya vibaya. Gitaa lishikwe kwenye mwili, si kwenye shingo. Ukiliinua kwa kulishika shingo, mkono wako unaipinda, na hapo unapima misuli yako mwenyewe. Weka jicho karibu na kichwa cha gitaa, tazama ukingo mmoja wa ubao wa vidole mpaka mwisho wake, kisha ukingo wa pili. Unachotaka kuona ni mstari ulionyooka, au wenye bonde dogo sana katikati, kiasi cha kukufanya uwe na shaka kama umeliona. Bonde hilo lina kazi: uzi unapotikisika hupanuka zaidi katikati kuliko mwishoni, na unahitaji nafasi. Sema "mmh". Kisha chungulia tena.

Ukikuta shingo imeinama mbele sana, au imerudi nyuma kama inayoogopa kupigwa kofi, usiogope wewe. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyotiwa kwa ajili hiyo hiyo, nayo ni ya zamani kuliko gitaa la umeme lenyewe. Thaddeus McHugh, aliyekuwa akifanya kazi Gibson, aliiombea hataza mwaka 1921 na kuipata 1923, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na mahali pa kuchomeka gitaa. Robo mzunguko huku au kule, na shingo inarudi kwenye adabu.

Cha kuogopa ni shingo iliyojisokota. Ukingo wa upande wa uzi mnene unaelekea huku, wa upande wa uzi mwembamba unaelekea kule, na zile freti ukizitazama kwa mpangilio hazilali pamoja. Fimbo huvuta shingo mbele na nyuma tu; kusokotwa haikuelewi kabisa. Muuzaji atakuambia, "Hiyo ndiyo staili yake, bosi, imetoka kiwandani hivyo." Mshukuru, mrudishie, ulizia choo, usirudi.

Wenye kutaka kulipima bonde lenyewe watafanya hivi: bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, ubane pia kwenye freti ya mwisho, halafu pima nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Fundi wa magari pale Gerezani angetumia fila geji yake ya tapeti. Wewe tumia kipande cha uzi wa kwanza wa namba kumi ulichokata nyumbani na kukitia mfukoni. Kikipita kwa kugusa gusa tu, bonde ni la robo milimita, na Fender wenyewe wanapendekeza karibu na hapo kwa magitaa yao mengi ya kisasa. Utagundua kwamba zoezi hili linataka mikono mitatu. Hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kwenda dukani na rafiki, kwa kuwa kwenye suala la rangi atakupotosha.

Shingo imenyooka. Sasa inakufaa?

Watengenezaji hueleza umbo la mgongo wa shingo kwa herufi: C, D, U, V. C ni duara la kawaida, D limebapa mgongoni, U ni nene na lina mabega, V lina ukingo katikati unaokaa kwenye kiganja. Kuna watu wanaweza kukuhubiria herufi hizi kuanzia saa moja ya asubuhi mpaka adhuhuri. Waulize wafumbe macho wapewe C mbili za viwanda viwili tofauti, uone kama hawatabadilisha mazungumzo. Herufi haikuambii unene, na unene ndio unaosikika. Shingo ya Wizard ya Ibanez ilijulikana kwa milimita 17 tu kwenye freti ya kwanza. Les Paul za katikati ya miaka ya 1950 zilizidi milimita 22 pale pale, kabla Gibson hawajazikondesha kufikia 1960. Milimita tano, kwenye mlango seremala hatazirudia, lakini kwenye kiganja mtu anaweza kuhama bendi kwa sababu yake.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi. Mtu mwenye mkono mdogo huambiwa atafute shingo nyembamba, na mtu mwenye mkono mkubwa huambiwa nene, kama vile gitaa ni kiatu. Mkono mdogo ukibana shingo nyembamba kwa saa nne za ukumbini hupata ganzi, kwa sababu kidole gumba hakina cha kuegemea na kiganja kizima kinajikunja hewani. Shingo iliyonenepa kidogo inaujaza mkono, na gumba linapumzika. Kwa mwingine ni kinyume. Kipimo ni gumba linakaa wapi na linalalamika baada ya muda gani. Mpiga gitaa Django Reinhardt aliungua mkono wa kushoto kwenye moto wa mwaka 1928, na zile solo zake alizipiga kwa vidole viwili zaidi. Wewe mwenye vinne vizima usianze kumwambia muuzaji kwamba shingo ndiyo inayokuzuia.

Jaribio lenyewe ni rahisi na linakera, kwa hiyo ni zuri. Piga akodi ya fa kwenye freti ya kwanza, kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi zote sita, na usiachie mpaka muuzaji amalize kumhudumia mteja anayeulizia bei ya maikrofoni. Akiuliza kama kuna tatizo, mwambie unasikiliza. Kisha panda freti ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Shingo nyingi hunenepa zinavyopanda, na wapo wanaopima karibu na kichwa cha gitaa tu, wakanunua, halafu wakagundua kwamba sebene inapigwa kule juu. Mpiga rithimu anaweza kuishi mwaka mzima chini ya freti ya saba. Mpiga solo wa dansi anaishi juu, sauti mbili mbili, mkono ukitembea bila kupumzika, na huko shingo nene au kona ya mwili iliyokaa vibaya itamfanya ajute kila mwisho wa wiki.

Usiende dukani ukiwa umetoka kuoga. Duka lina kiyoyozi, mkono umekauka, na shingo yenye rangi nzito inayong'aa inateleza vizuri kabisa. Ipeleke shingo hiyo hiyo kwenye ukumbi wa Dar es Salaam mwezi wa pili, saa saba usiku, watu wamejaa na feni moja inazunguka kwa hisani: jasho litaifanya inate, na mkono unaotakiwa kupanda utabaki nyuma ya wimbo. Tembea kwa mguu kutoka Mnazi Mmoja hadi dukani, ingia na jasho lako, shika shingo hapo hapo kabla kiyoyozi hakijakuonea huruma. Shingo iliyoachwa bila mng'aro, au iliyosuguliwa kidogo mgongoni, hapo ndipo utakapoielewa. Muuzaji atapangusa gitaa baada yako. Kazi yake.

Pitisha pia kiganja ukingoni mwa shingo, taratibu, kutoka juu hadi chini na upande wa pili. Ukihisi meno, basi gitaa limetoka kwenye hewa yenye unyevu likaingia kwenye ukavu: mbao imesinyaa, freti za chuma hazisinyai, ncha zake zimebaki nje. Gitaa lililokaa vizuri Tanga linaweza kuota meno haya likihamia Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi. Fundi mwenye tupa na subira huyamaliza kwa mchana mmoja. Ni jambo la kukatia bei tu. Chunguza kwa makini zaidi mashimo yaliyochimbwa na nyuzi kwenye freti tatu za kwanza. Kuzibadili freti zote ni kazi ya fundi hasa, na kwenye gitaa la bei nafuu unaweza kulipa ufundi kuliko gitaa.

Ubao wa vidole haukubapa. Umeviringa kidogo upande kwa upande, na kiasi cha kuviringa hupimwa kwa nusu kipenyo cha duara. Fender za zamani zina milimita 184, ambazo zimeviringa sana na ni tamu kwa akodi za chini. Za kisasa nyingi zina 241. Gibson wako kwenye 305, na magitaa ya wapiga mwendo kasi yanapita 400 na kukaribia kuwa meza. Jaribu hivi: nenda freti ya kumi na mbili ya uzi wa kwanza, usukume uzi juu mpaka upande toni nzima, kisha fanya vivyo hivyo freti ya kumi na tano. Sauti ikifa katikati ya safari, uzi umegonga freti iliyo mbele yake. Kwenye ubao uliobapa, hilo ni kosa. Kwenye ubao wa 184 wenye nyuzi za chini sana ni jiometri, na huwezi kubishana nayo: ama upandishe nyuzi, ama upige muziki usiohitaji kusukuma. Muziki wetu mwingi hauhitaji. Kwa hiyo usibabaishwe na mtu aliyejifunza kununua gitaa kwa video za wapiga roki.

Nikiwa hapo hapo kwenye ubao wa vidole, kuna muuzaji atakugusia kwamba weusi ule ni "mpingo orijino, umetoka Ujerumani". Mpingo unatoka Kilwa, Nachingwea na majirani zake, na husafiri kwenda Ulaya kuwa zumari za klarineti na oboe. Ni wa jenasi ya Dalbergia, ile ile ya miti ya rozudi inayotumika kwenye shingo za magitaa, ambayo biashara yake ilibanwa na mkataba wa CITES tangu Januari 2017 mpaka vyombo vya muziki vilivyokamilika viliporuhusiwa tena mwishoni mwa 2019. Upo ubao wa mpingo kwenye magitaa machache ya gharama. Lile lililotundikwa mbele yako halimo. Sugua ubao kwa kidole chenye jasho, lile lile la kutoka Mnazi Mmoja. Kidole kikiwa cheusi, hiyo ni rangi tu. Haiharibu sauti, ila bei ya Ujerumani ishuke.

Wakati unafanya haya yote, kumbuka kwamba kuchagua shingo ni anasa mpya kwetu. Wapiga magitaa waliolifanya dansi liwe dansi wengi walikuwa waajiriwa wa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikahamia shirika la DDC mwaka 1983. Mtu alifika mazoezini akakabidhiwa gitaa lililopo. Akihama bendi, na walihama kweli, aliacha gitaa akabeba vidole. Hakuna aliyeulizwa kama anapendelea C au D. Solo unazozisikia redioni Jumapili mchana zilipigwa kwenye shingo ambazo mpigaji hakuzichagua, zenye nyuzi zilizokaa ziendavyo, na pengine uzi wa tatu ulikuwa umeungwa kwa fundo. Hili nalisema kwa heshima, na pia ili uwe na jibu utakapokutana na mzee wa bendi dukani.

Maana utakutana naye. Atakuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, hanunui, anasikiliza. Mwamkie kabla hujapiga chochote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta gitaa, mwanangu, au unatafuta kosa?"

Mpe gitaa alipige. Atapiga kitu cha nyuzi mbili, chini ya dakika, mkono hautikisiki. Litakuwa gitaa lile lile ulilosema halipigiki. Mtazame gumba lake.

Sasa kimo cha nyuzi. Hutaki kubeba rula ya milimita dukani, utaonekana mkaguzi wa TBS. Toa kadi ya benki. Kadi za benki duniani kote zina unene mmoja, milimita 0.76, na hatimaye kadi yako isiyo na salio imepata kazi. Weka kadi mbili, moja juu ya nyingine, juu ya freti ya kumi na mbili, uzisukume chini ya uzi wa kwanza, ukikwepa upande wenye namba zilizovimba. Kadi mbili ni kama milimita moja na nusu. Zikipita bila kuunyanyua uzi na bila nafasi ya kuchezea, uzi wa kwanza uko mahali ambapo watu wengi wanaweza kufanya kazi bila kununua plasta. Upande wa uzi wa sita, kadi mbili na karatasi kadhaa za risiti ni sawa. Gibson hupendekeza milimita 2 pale, na 1.2 kwa uzi wa kwanza. Kadi tatu upande wa uzi mnene ni za mpiga rithimu mwenye mkono mzito, na wala si aibu. Kadi nne, toa sura ya masikitiko na uiweke akiba.

Nyuzi za chini sana zina adhabu yake: zinalia kama nyuki kwenye chupa. Lakini usikimbie nyuki kabla hujachomeka. Gitaa la umeme lililo kimya hutoa kelele nyingi za chuma ambazo pikapu hazizijali. Chomeka kwenye amplifaya, sauti ya kawaida bila vikorombwezo, piga kila freti ya kila uzi, mmoja mmoja. Ndiyo, zote. Wateja wengine watakuchukia. Ukisikia nyuki kwenye spika, hapo kuna tatizo. Ukiwasikia masikioni tu, ni ngano za dukani. Nyuki wakiwa kwenye freti moja tu, freti moja imechomoza. Wakiwa freti za mwanzo zote, shingo imerudi nyuma. Wakiwa kote, mtu ameshusha nyuzi ili zikupendeze, na kesho utazipandisha mwenyewe.

Kuna na kimo cha upande wa pili, pale juu, kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki ambamo nyuzi hupita kwenda kichwani. Huu ndio ukweli unaowatesa wanaoanza. Kubana fa freti ya kwanza kunawaumiza, wanajiona hawana kipaji, wanaliuza gitaa. Bana uzi kwenye freti ya tatu na utazame nafasi juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa iwe nyembamba kiasi cha kuibishia. Ikiwa unaona mwanga wa duka zima, mifereji ya mfupa haikuchimbwa vya kutosha, na kila akodi ya chini itauma na pia itakuwa imepanda sauti kidogo, hata ukityuni mpaka usiku. Fundi huichimba kwa tupa nyembamba na hiyo ndiyo kazi ya bei ndogo yenye furaha kubwa kuliko zote. Asichimbe kupita kiasi tu. Mfupa uliochimbwa mno haujazwi kwa maneno ya pole.

Na sasa ile ahadi ya kiti kusogea. Darajani, kila uzi hulalia kipande kidogo cha chuma chenye skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha; kwenye Les Paul, daraja zima hupanda kwa magurudumu mawili. Chumvi ya hewa ya bahari inazipenda sana skrubu hizi. Gitaa lililokaa miaka Mikocheni dirisha wazi linaweza kuwa na daraja zuri la kutazama na skrubu zilizoshikana kwa kutu kama ndugu wa tumbo moja. Omba alenki, zungusha skrubu moja robo, irudishe. Ikizunguka, kimo cha nyuzi si tatizo tena, ni mazungumzo. Ikigoma, kimo unachokiona ndicho utakachozikwa nacho, au ununue daraja.

Tazama pia vile vipande vimebakiza safari kiasi gani. Kama vimeshuka mpaka chini kabisa na nyuzi bado ziko kadi nne, basi pembe ya shingo na mwili imekosewa. Kwenye gitaa la shingo ya skrubu nne, fundi anafungua, anatia kipande chembamba cha mbao au kadibodi kwenye kiungo, anafunga. Hata viwandani wametia vipande hivyo, na mtaani vimeonekana vya kadi ya vocha iliyokwanguliwa. Kwenye shingo iliyogundishwa kwa gundi, hakuna vocha itakayosaidia. Rudia ile mbinu ya kuulizia choo. Mwisho, fungua kile kifuniko kidogo kichwani na tazama tundu la ile fimbo ya ndani. Kama pembe zake sita zimelika zimekuwa duara, kuna fundi wa kujitolea aliyepita hapo kabla yako, na shingo iliyonyooka leo haitakuwa na wa kuinyoosha ikiinama.

Tuseme umelipata. Shingo imenyooka, gumba limetulia, ukingo hauna meno, sauti haifi, skrubu zinazunguka, vipande vya daraja vina safari ndefu ya kushuka, na nyuzi ziko kadi nne. Hili ndilo gitaa bora dukani, na limetundikwa kona ya nyuma kwa kuwa kila aliyelishika amelikataa. Usifurahi. Lirudishe kwenye stendi. Jipulize vidole.

"Bosi wangu, hili halipigiki kabisa. Hebu ona nyuzi zilivyo juu."

"Ndilo lilivyo, kaka. Toleo lake hilo. Laki saba."

"Laki saba kwa gitaa la kufanyia mazoezi ya viganja? Wangapi wamelirudisha?"

Atatazama pembeni, kwa sababu ni wengi. Mzee wa kiti cha plastiki atakohoa, na hapo umwombe Mungu asiseme neno, kwa sababu yeye tangu saa nne amejua. Mtaanza laki nne, mtakutana njiani, muuzaji atalalamika kuhusu kodi ya pango, utalipa laki tano na nusu ukiwa umekunja uso mpaka noti ya mwisho. Uliza kama lina alenki yake. Atasema zilipotelea bandarini. Usibishe. Nunua seti mbili kwenye duka la vifaa, moja ya inchi na moja ya milimita, maana hutajua kiwanda kiliamkaje. Kisha shusha nyuzi robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukityuni upya kila mara, na ufanye kazi hiyo nyumbani, mlango umefungwa. Usiifanyie kwenye kibaraza cha duka. Muuzaji bado anakuona, na mwenzake amesimama juu ya ngazi akitundika lingine la buluu.